Bili ya gereji milioni moja na laki nne: uanzie wapi kuipunguza

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naendesha Toyota IST ya 2004, fremu NCP60, niko Dar es Salaam. Mbele kunagonga nikipita barabara mbovu, na nikikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo usukani unatetemeka. Gereji wameniandikia hivi: shokapu za mbele mbili 360,000, stabilaiza linki mbili 90,000, boljointi mbili 120,000, bushi za arm nne 140,000, diski za mbele mbili 240,000, breki pedi seti moja 85,000, oili ya breki 25,000, kupima kwa mashine 50,000, vifaa vidogo 40,000. Ufundi: shokapu 80,000, linki 30,000, boljointi 40,000, bushi 60,000, diski 50,000, pedi 30,000. Jumla 1,440,000. Nimepiga simu duka moja la Kariakoo, jozi ya shokapu za jina lile lile wakaniambia 240,000. Je, wananiibia? Ninunue spea mwenyewe? Gari liko kwao, ila hawajafungua kitu.

JIBU: Ndugu yangu, afadhali hawajafungua kitu, maana nguvu yako ya kuzungumza iko hapo hapo. Gari likishavuliwa matairi na arm (mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu) ziko chini, kila utakachokataa utaambiwa "basi tulirudishe kama lilivyokuja", na kurudisha nako kuna hela yake. Kwa hiyo leo wapigie uwaambie wasiguse chochote mpaka mkae pamoja na bili hiyo mkononi.

Lile pengo la 120,000 kwenye shokapu, 360,000 yao na 240,000 ya Kariakoo, limekuuma, na una haki ya kuumia. Lakini si hapo bili yako inapovujia zaidi. Wewe ulipeleka malalamiko mawili, kugonga na kutetemeka, ukarudishiwa karibu kila spea iliyoko kwenye miguu ya mbele. Kabla ya kuuliza shokapu ni bei gani, uliza nani ameziona zimekufa na amejuaje. Spea isiyohitajika ni hasara hata ukiuziwa kwa bei ya jumla. Punguza orodha kwanza, bei zitafuata.

Nenda gereji asubuhi, gari likiwa limepoa na fundi hana haraka. Mwombe akuonyeshe kila kilichoandikwa. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki kuombwa hivyo. Wengi hufurahi mteja akiangalia kwa macho yake.

Anza na barabara kabla ya jeki. Panda naye gari mzunguke kidogo. Mlio wa "kok kok kok" kwenye vijiwe vidogo mkienda taratibu, mara nyingi ni stabilaiza linki (kijiti kinachounganisha fimbo ya stabilaiza na shokapu). Mlio mzito wa mara moja, "du!", gurudumu likizama kwenye shimo, ndipo ufikirie shokapu au mauntingi (kishikizo) yake ya juu. Ukizungusha usukani gari limesimama ukasikia kama springi inaruka, ni beringi ya mauntingi. Na ukiondoka au ukifunga breki ukasikia "tuk" moja tu, bushi za arm (mipira ya kwenye maungio yake) ndizo zinazoruhusu gurudumu kusogea mbele na nyuma. Hii si hukumu ya mwisho, ila inakwambia uangalie wapi kwanza.

Kwenye linki kuna jambo linalowakosesha hata mafundi wazoefu. Ukiinua gurudumu moja tu, ile fimbo ya stabilaiza inajipinda na kuikaza linki, kwa hiyo ukiitikisa kwa mkono utaiona ngumu kama mpya. Inuliwe miguu yote miwili ya mbele, ikae kwenye stendi, au yote miwili iwe chini, ndipo linki itikiswe. Kama bado mnabishana, zifunguliwe linki zote mbili, gari lizungushwe mwendo wa kutembea hapo hapo uani. Mlio ukipotea, mmempata mwenye kosa. Ila msitoke nalo barabarani likiwa hivyo, maana kwenye kona litalala.

Boljointi (kiungo kinachounganisha arm na mguu wa gurudumu): gari likiwa juu ya stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise, mtu mwingine awe chini na tochi akitazama kiungo chenyewe. Kukicheza, atazame ni boljointi inayocheza au ni wilbearingi (beringi ya gurudumu), kwa kuwa mkononi zote mbili zinafanana. Kisha shika kushoto na kulia: hapo kukicheza mara nyingi ni tairodi endi au reki (viungo vya usukani), na hizo hata hazipo kwenye bili yako. Kama boljointi haichezi na mpira wake haujapasuka, hakuna sababu ya kuibadili kwa kuwa tu "tumeshafungua".

Bushi huonekana kwa mtaimbo. Fundi aupenyeze kati ya arm na bodi asukume kidogo. Mpira ulioachana na chuma chake, au wenye ufa uliozama ndani, umekwisha. Vimistari vidogo juu ya mpira ni uzee wa kawaida. Kila arm ina bushi mbili, na mara nyingi ile kubwa ya nyuma hupasuka kwanza. Kwa hiyo kuambiwa nne zote inawezekana kabisa, lakini ukazione.

Shokapu sasa. Vumbi lililoganda lenye unyevu kidogo karibu na sili halina shida. Oili inayotiririka mpaka kwenye kikombe cha springi au chini yake, hiyo imelia, na mkibadili mnabadili zote mbili, kulia na kushoto. Kile kipimo cha kubonyeza kona ya gari ukahesabu linavyoruka hugundua shokapu iliyokufa kabisa tu. Shokapu dhaifu hupita. Hivyo isipokuwa na mvujo, na mlio mmeshaukuta kwenye linki, shokapu zingoje.

Upande wa breki ni rahisi kupima, na hapa usikubali neno tupu. Kwanza jiulize usukani unatetemeka lini. Kama unatetemeka ukikanyaga breki tu, mara nyingi diski zina unene usiolingana. Kama unatetemeka kwenye mwendo wa 80 mpaka 100 hata bila breki, balansi ya magurudumu ifanywe kwanza, ni kazi ndogo na ya bei ndogo. Mtetemo ukiusikia zaidi kwenye kiti kuliko mkononi, ngoma za breki za nyuma nazo zikaguliwe.

Kila diski imeandikwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Tafuta maandishi "MIN TH" na namba ya milimita kwenye ukingo wake au kwenye kofia ya katikati. Piga brashi ya waya ikiwa kutu imeyafunika. Diski ipimwe kwa maikromita, sehemu ambayo pedi inasugua. Vernia ya kawaida inadanganya hapa: meno yake yanakaa juu ya ule ukingo wa kutu ambao pedi haifiki, inakupa unene mkubwa kuliko uliopo. Diski ikiwa bado nene kuliko namba ile, inaweza kuchongwa kwenye leti (mashine ya kuchongea chuma), mradi ikitoka huko bado isishuke chini ya namba. Ikishapita chini, hakuna mjadala, nunua mpya, na nunua mbili. Pedi zikibaki milimita 3 au chini, badili.

Na kabla ya kuilaumu diski, itolewe, sehemu ya habu (kitovu cha gurudumu) inapokaa isafishwe kutu mpaka chuma kionekane, irudishwe, ipimwe tena kwa saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachoonyesha diski inayumba kiasi gani). Kutu kidogo tu pale nyuma hulaza diski upande. Diski ikienda upande zaidi ya sehemu 5 za mia za milimita, utausikia usukani. Hii ndiyo sababu wengine hununua diski mpya na baada ya wiki chache usukani unatetemeka tena: habu haikusafishwa, au nati za gurudumu zimekazwa kwa mashine ya hewa bila kipimo.

Turudi kwenye karatasi. Kuna mistari inayokataliwa bila hata kupanda gari.

"Kupima kwa mashine 50,000". Ile kompyuta inayochomekwa chini ya dashibodi inasoma kumbukumbu za injini, gia, ABS na eabegi. Bushi, boljointi na diski hazina sensa yoyote inayoiambia kompyuta kwamba zimechoka. Kwa gari linalogonga miguu, lisilo na taa iliyowaka kwenye dashibodi, mashine haina cha kusema. Kama walitumia muda wao chini ya gari wakikagua, hiyo ni kazi na ilipwe, lakini iandikwe "ukaguzi", na kwa desturi nzuri ya gereji nyingi hela ya ukaguzi huondolewa mteja akikubali kazi ifanyike pale pale.

"Ufundi wa pedi 30,000" juu ya "ufundi wa diski 50,000". Diski haitoki mpaka pedi zitoke na kalipa (kishika pedi) ifunguliwe. Ukilipia diski, pedi zimeshalipiwa. Futa 30,000.

"Ufundi wa linki 30,000" juu ya "ufundi wa shokapu 80,000". Kuitoa shokapu ya mbele unaanza kwa kufungua linki iliyofungwa juu yake. Kama mnabadili shokapu, ile 30,000 ifutwe au ibaki kiasi kidogo kwa nati ya pili ya linki. Kama shokapu zimeonekana nzima, 30,000 ya linki ni halali, ila 80,000 inaondoka. Boljointi na bushi nazo ziko kwenye arm hiyo hiyo, fundi akiishusha arm kazi kubwa imekwisha. Bushi zinahitaji kupelekwa kwenye presi, hivyo 60,000 siigombani. 40,000 juu yake ya boljointi nitaomba ishuke.

"Oili ya breki 25,000". Kubadili pedi na diski hakufungui bomba lolote la breki. Pistoni ikirudishwa ndani, oili inapanda kwenye kopo, haipungui. Uliza: mnatoa oili yote ya zamani na kutoa hewa magurudumu manne, au mnaongeza juu? Kama ni ya kwanza na oili yako ina zaidi ya miaka miwili au imekuwa nyeusi, ni kazi nzuri, waache. Kama ni ya pili, haina haja. Soma kifuniko cha kopo, kimeandikwa DOT 3, na hiyo ndiyo inayowekwa.

"Vifaa vidogo 40,000" vitajwe. Grisi ya pini za kalipa, dawa ya kusafishia breki na nati mpya za kujikaza ni vya kweli. Ila viwe na majina.

Hebu tuhesabu kwa mfano. Tuseme ukaguzi umeonyesha shokapu kavu, boljointi hazichezi, na oili ya breki ni safi. Shokapu na ufundi wake 440,000 zinaondoka, boljointi na ufundi wake 160,000, mashine 50,000, ufundi wa pedi 30,000, oili 25,000. Kutoka 1,440,000 umebaki na 735,000, na bado hujaomba punguzo la spea hata moja. Ukaguzi unaweza pia kuonyesha kwamba vyote vimekufa. Hapo utalipa ukijua unalipia nini.

Sasa ndiyo bei za spea. Pengo la 120,000 linatoka wapi? Gereji nyingi hazina stoo. Kijana anatumwa Kariakoo au eneo la Gerezani, anakutana na winga (dalali) anayempeleka dukani, duka linampa winga chake, kijana anaweka chake, msimamizi anaweka cha gereji. Kila mmoja ameongeza cha juu kidogo, na wewe ndiye unayelipa vyote pamoja. Risiti utakayoonyeshwa, kama ni ya kuandikwa kwa mkono, huandikwa bei atakayotaka aliyetumwa.

Ila nisiwaonee mafundi. Gereji inayokuletea spea imetoa mtaji wake, imepoteza nusu siku ya mtu mjini, na spea ikifa wiki ijayo wao ndio wanaorudi dukani na wao ndio wanaoifungua tena bure. Hiyo ina thamani. Gereji ikiongeza asilimia 10 au 20 na ikasema waziwazi, mimi nalipa bila kinyongo. Kwako wameongeza nusu nzima ya bei ya dukani, tena kwa kimya. Hiyo ni kubwa mno, ila kuiita wizi subiri kwanza uhakikishe unalinganisha kitu kimoja.

Jina kwenye boksi halitoshi kulinganisha. Unahitaji namba ya spea. IST yako, kama gari lolote lililotoka soko la Japani, haina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Ina namba ya fremu inayoanza na NCP60, kistari, kisha tarakimu saba. Iko kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti. Kwa namba hiyo duka lolote makini, au wewe mwenyewe kwenye katalogi za Toyota zilizoko mtandaoni, mtapata namba kamili ya spea. IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa 2002 hadi 2007 na ikafanyiwa marekebisho 2005, kwa hiyo "ya IST" peke yake haitoshi. "Ya Vitz inaingia" nayo ni ya kuthibitisha kwa namba, ingawa kweli magari haya yamezaliwa kwenye chasisi moja.

Namba ya Toyota ina tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine ambazo zinaweza kuchanganyika na herufi. Tano za kwanza zinataja ni kitu gani, na ukizijua chache hudanganyiki kirahisi: 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto, 48820 stabilaiza linki, 43330 boljointi ya chini, 43512 diski ya mbele, 04465 pedi za mbele, 04495 viatu vya breki za nyuma. Umeona kulia na kushoto zina namba tofauti? Shokapu za mbele zina kibao cha kufungia linki na bomba la breki, kimeelekea upande wake. Ukinunua mbili za upande mmoja, moja haitafungika inavyotakiwa, na duka litakwambia limeshauza.

Kisha daraja. Neno "orijino" kwenye bili halina maana yoyote mpaka lifuatwe na jina. Dukani kuna boksi la Toyota lenyewe. Kuna watengenezaji wengine wenye jina, kama KYB kwa shokapu, 555 kwa boljointi na linki, Akebono au Advics kwa breki, ambao baadhi yao ndio wanaoviuzia viwanda vya magari. Kuna za bei ya chini zisizo na jina linalojulikana. Na kuna mtumba. Bei ya daraja moja na jingine inaweza kupishana mara mbili au tatu bila mtu kukuibia. Kwa hiyo kila mstari wa bili uwe na jina la mtengenezaji, namba, na neno "mpya" au "mtumba".

Mtumba sina ugomvi nao kwenye vitu vya chuma: kalipa, habu, alternata, mlango, arm tupu. Kwenye mpira na vinavyosuguana, kataa. Arm ya mtumba yenye bushi zake ina mpira wenye umri wa gari lako, hata kama unang'aa. Pedi za mtumba zisiingie kwenye gari la mtu mwenye familia.

Majina yanayoaminika ndiyo yanayoigwa sana. Angalia chapa ya boksi, namba ya kwenye boksi ifanane na iliyopigwa kwenye spea yenyewe, herufi ziwe safi, uzi wa nati uwe umekatwa vizuri. Shokapu ya gesi ukiibonyeza inarudi yenyewe polepole bila kukwama; iliyobaki chini kama pampu ya baiskeli, iache pale. Kitu chenye jina kubwa kinachouzwa nusu ya bei ya maduka mengine matatu kinatosha kukutia shaka.

Piga simu maduka matatu ukiwa na namba. Sema: "Habari za kazi kaka, naulizia 48820 ya IST, fremu NCP60, ya 555, mnayo? Bei ya fundi ni kiasi gani?" Maduka mengi yana bei ya fundi na bei ya mteja, na mtu anayetaja namba huhesabiwa fundi. Ukienda mwenyewe usiongozane na winga. Ukifuatana naye mpaka mlangoni, chake kimeshaingia kwenye bei.

Ununue mwenyewe, basi? Kwa diski, pedi, filta, plagi na linki, ndiyo, ukiwa na namba na muda. Kwa shokapu na bushi fikiria mara mbili. Ukileta spea yako, fundi anabeba dhamana ya mikono yake tu. Shokapu ikivuja mwezi ujao duka litasema imefungwa vibaya, fundi atasema spea ni mbovu, na wewe utalipa tena 80,000 ya kufungua. Uliokoa 120,000, zimebaki 40,000 na siku mbili bila gari.

Njia ninayoipenda ni ya katikati. Fundi achague duka analoliamini na athibitishe spea kwa macho, wewe umlipe mwenye duka moja kwa moja kwa Lipa Namba, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) itoke kwa jina lako. Halafu mpe fundi hela ya usumbufu inayojulikana, sema 10 kwa mia ya bei ya spea, iandikwe kwenye bili. Cha juu kimetoka mvunguni kimekaa mezani, fundi hajakosa riziki, na dhamana ya spea ni ya kwenu wote. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki unayoweza kuiangalia TRA kama ni ya kweli. Ukishawishiwa "bila risiti tunakupunguzia", kumbuka kwamba bila karatasi hiyo duka halikujui siku spea ikifa.

Ukishakubaliana nao, tuma ujumbe ili uwepo kwa maandishi. Mfano:

"Fundi, habari za asubuhi. Kama tulivyokubaliana: linki 2 (555), bushi za arm 4, diski 2 na pedi seti 1. Spea nalipia dukani mwenyewe, ufundi wote 140,000, usumbufu wa spea 10%. Spea za zamani niwekewe kwenye buti. Likionekana lingine, naomba picha na bei kwanza, usifungue mpaka nijibu. Waranti ya ufundi miezi 3. Nijibu 'sawa' tuanze. Asante sana."

Hiyo 140,000 ni linki 30,000, bushi 60,000 na diski 50,000 za bili yako mwenyewe. Lile jibu la "sawa" ndilo mkataba wenu. Na spea za zamani usizionee aibu kuzidai. Zikiwa mkononi mwako, hujauziwa kazi ambayo haikufanyika, na spea nzima iliyotolewa hairudi dukani kuwa mtumba wa mtu mwingine.

Wakati wa kufunga, simama karibu kwa mambo manne, kwa kuwa yakikosewa spea nzuri hufa mapema na utadhani uliuziwa bandia. Bolti za bushi za arm zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye magurudumu. Zikikazwa gari likining'inia, mpira unaanza maisha ukiwa umejipinda na utapasuka baada ya miezi. Fimbo ya shokapu isishikwe kwa plaisi wala raiti gripu kukaza nati ya juu. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu unakata sili, na oili inaanza kutoka. Habu isafishwe, nimeshasema. Na nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, 103 Nm, kwa mtindo wa msalaba.

Wakishakwisha fanya kazi na bili ikaja kubwa kuliko makubaliano, usijaribu kuondoa gari kwa nguvu. Sheria ya mikataba ya Tanzania inamruhusu aliyefanya kazi kwenye mali yako kuishikilia mpaka alipwe ujira wake. Lipa mlichokubaliana, kilichozidi kiandikie "ninakipinga" kwenye nakala ya bili, weka picha, spea za zamani na ujumbe wenu pamoja. Mwenyekiti wa mtaa humaliza mengi ya haya kwa kikao kimoja. Asipoweza, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii, na kama uliuziwa bandia kwa jina la halisi, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi hiyo.

Ukitoka gereji, breki mpya hazijashikana bado. Tafuta barabara tulivu, toka mwendo wa 60 punguza mpaka 20 bila kusimama kabisa, mara 8 hadi 10, ukiziacha zipoe kidogo katikati. Usisimame ukiwa umekanyaga pedali wakati diski ni moto, pedi itaacha alama yake pale na mtetemo utarudi. Siku hiyo hiyo nenda ukafanye alaimenti, maana arm zimeguswa, na uchukue karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Baada ya kilomita 100 nati za magurudumu zikazwe tena kwa kipimo, na usukani ukitetemeka ndani ya wiki ya kwanza rudi na karatasi hiyo na ule ujumbe wa "sawa".